Kutoka Hapa Hadi Pale: Kisa cha Mashine ya Boti Kigoma

Asubuhi ile Mzee alinipa kazi moja tu. "Kaa nyuma yangu, usiseme neno, andika. Na uandike anachoandika hakimu, siyo unachosikia wewe." Nikaitikia "sawa Mzee" kwa haraka ya mtu asiyeelewa. Nilikuwa na siku tano Kigoma, nimeshuka na treni kutoka kwetu Tabora, suti nyeusi bado ina mikunjo ya dukani, kichwani nimeshindilia vifungu kama gunia la karanga. Mafunzo ya uanasheria kwa vitendo yalinipeleka kwenye ofisi yake ya uwakili kwa miezi michache, na hii ndiyo ilikuwa kesi ya kwanza kuiona kwa macho yangu ikisikilizwa. Nyingine zote nilikuwa nazijua kwa kuzisoma.

Sasa imekwisha na muda wa rufaa umepita, ndiyo maana naiandika. Wahusika siwataji, na mahakama itoshe kusema ni mojawapo ya mahakama za wilaya mkoani Kigoma.

Kisa ni hiki. Usiku mmoja wa Septemba, saa nane, wavuvi wawili walikuwa wamelala kwenye kibanda mwaloni wakilinda mashine ya boti. Watu watatu wakawavamia kwa mapanga. Mvuvi mmoja alitimua mbio kabla hata hajajua anakimbia nini; huyo alisema wazi kwamba hakumwona mtu. Wa pili, baba wa makamo, alikatwa mkono wa kushoto akiukinga uso wake. Mashine ikabebwa na haijaonekana mpaka leo. Siku chache baadaye polisi wakakamata vijana wawili, wabeba mizigo wa pale pale mwaloni.

Hati ya mashtaka ilikuwa na kosa moja: unyang'anyi wa kutumia silaha, kifungu cha 287A cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Asiye mwanasheria aelewe uzito wake hapo. Kosa hilo halina dhamana, na ukitiwa hatiani adhabu ya chini kabisa ni miaka 30. Hakimu hana ruhusa ya kukuhurumia akakupa 10. Siku naingia mahakamani vijana wale walikuwa wamekaa mahabusu zaidi ya mwaka, na miaka yao 30 ilikuwa inaning'inia kwenye macho ya mtu mmoja aliyeamshwa usingizini kwa panga.

Saa tatu kasoro karandinga likaingia. Ndugu wa mahabusu wakalikimbilia, kila mmoja akitafuta uso wake kwenye nondo. Ndani, karani akaita kesi za kutajwa, moja baada ya nyingine, na wimbo ukawa ule ule: upelelezi haujakamilika, shauri limeahirishwa. Nilihesabu kesi tisa kwa muda usiotosha kunywa chai. Kuna mama mmoja alisimama dirishani, hata hajapata nafasi ya kuingia, mwanawe akawa ameshatoka.

Kesi yetu ikaitwa saa tano. Wakili wa Serikali, kijana ambaye sidhani alinizidi miaka minne, akasimama: "Ikupendeze Mheshimiwa Hakimu, kwa upande wa Jamhuri shauri limekuja kwa kusikilizwa, tuna shahidi mmoja na tuko tayari." Baadaye nilisikia kwamba jalada lile lilikuwa limepita mikononi mwa wenzake wawili kabla yake, na kwamba alilisoma usiku wa kuamkia siku ile. Sisemi ni udhuru. Nasema tu ndivyo ilivyokuwa.

Shahidi wa kwanza akapanda kizimbani, kanzu safi, kovu linaonekana kwenye mkono kama uzi mnene ulioshonwa vibaya. Akaapa: Wallahi, Billahi, Tallahi. Akaeleza vizuri sana, bila kuongeza chumvi. Nilimwamini. Naandika hivyo nikiwa nilikaa upande wa utetezi.

"Uliwatambua waliokuvamia?"

"Nilimtambua mmoja. Huyu." Kidole kikamwelekea mshtakiwa wa kwanza. "Namfahamu, anabeba mizigo pale mwaloni kila siku."

"Kulikuwa na mwanga?"

"Ndiyo. Taa za boti."

"Alikuwa umbali gani na wewe?"

"Kutoka hapa hadi pale." Mkono ukatoka kizimbani, ukaonyesha mlango anaoingilia karani.

"Sawa. Ikawaje?"

Sote tuligeuka tukautazama mlango. Hakimu naye aliinua macho, akautazama, akainama tena kuandika. Mimi nikapima kwa jicho, nikahesabu marumaru za sakafuni kutoka kizimba hadi kizingiti, nikaandika kwenye daftari langu kwa mwandiko mzuri: *Umbali: mita 7.* Nilijiona hodari.

Saa saba tukapewa mapumziko, maswali ya dodoso, yale ya utetezi kumhoji shahidi, yaje mchana. Nyuma ya mahakama kuna mama lishe mwenye ugali wa muhogo na migebuka ya mawese, na Mzee pale ana kiti chake. Akaomba daftari. Alisoma huku anatafuna, akafika kwenye ile mita 7, akachukua kalamu yangu akaikata kwa mstari mmoja.

"Mita saba kasema nani?"

"Alionyesha, Mzee. Mpaka mlangoni."

"Nimekuuliza kasema nani."

"Hakuna aliyesema."

"Kalamu ya hakimu imeandika *kutoka hapa hadi pale*. Basi. Hiyo ndiyo kesi, binti. Wewe umeandika kesi nyingine."

Nikabaki nashangaa mwiba wa mgebuka. Kisha nikauliza swali ambalo mwanafunzi yeyote angeuliza: mbona yeye hakusimama kuomba umbali ukadiriwe na uandikwe? Alicheka, siyo kwa ubaya. "Anayethibitisha nani? Ni Jamhuri. Mimi nilipwe na mshtakiwa, halafu nimshonee kanzu anayemshtaki?"

Hapa nitulie kidogo, maana ndipo kisa chote kilipolala. Mwaka 1980 Mahakama ya Rufani iliamua shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, na tangu siku hiyo hakuna wakili wa jinai nchini asiyelijua. Mahakama ilisema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni wa aina dhaifu kuliko zote, na hakimu asiutegemee mpaka kila uwezekano wa kukosea uwe umeondolewa. Ikataja mambo ya kupima: shahidi alimwangalia mtuhumiwa kwa muda gani, kwa umbali gani, mwanga ulikuwaje, na je, alikuwa anamjua kabla. Nilikuwa nayajua yote hayo kwa moyo. Nilikuwa nimepata alama nzuri kwa swali hilo hilo. Lakini umbali uliopo kwenye kitabu una namba, na umbali wa siku ile ulikuwa mkono wa mtu hewani.

Rufaa haisikilizi mashahidi upya. Jaji wa Mahakama Kuu anasoma mwenendo wa kesi, karatasi. Kabla Kigoma haijapata Mahakama Kuu yake, jalada la rufaa lingesafiri mpaka kwetu Tabora, na jaji wa Tabora angeketi chini ya kivuli cha miembe yetu akisoma "kutoka hapa hadi pale". Hapa ni wapi? Pale ni wapi? Hicho kizimba hajakiona, mlango hajauona. Zamani ilikuwa afadhali au mbaya zaidi, sijaamua: shahidi alisema Kiswahili na hakimu akaandika Kiingereza, kwa hiyo maneno yalipita kwenye ungo kwanza. Sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, na sasa mvuvi anaandikwa kwa maneno yake mwenyewe. "Hapa hadi pale" imelala kwenye jalada kama ilivyotoka mdomoni, nzima na tupu.

Kumbe dawa yake ni sekunde kumi. Wakili anasema: Mheshimiwa, naomba ionekane kwenye kumbukumbu kwamba shahidi ameonyesha umbali unaokadiriwa kuwa mita saba. Upande wa pili unaulizwa kama unakubali, hakimu anaandika, mnaendelea. Nilikuja kuliona hilo likifanywa mara nyingi baadaye, hata kwa mambo madogo kama urefu wa fimbo.

Kinyume chake nilikiona siku ya pili, tabibu alipotoa fomu ya polisi namba 3, PF3 kama tunavyoiita. Ilipokelewa kuwa kielelezo, kisha ikasomwa kwa sauti neno kwa neno, mpaka muhuri. Nilipiga miayo. Mzee akaninong'oneza kwamba Mahakama ya Rufani, katika shauri la Robinson Mwanjisi, imeshatoa somo: waraka ukishapokelewa lazima usomwe, usiposomwa unaondolewa. Nikaandika pembeni mwa daftari kwamba mahakamani karatasi lazima igeuke sauti, na mkono lazima ugeuke karatasi. Mstari huo Mzee hakuukata.

Turudi mchana ule wa kwanza. Mzee alisimama kuhoji kama mtu asiye na haraka ya kufika. Alianza na maelezo ambayo shahidi alitoa polisi. Akamwonyesha, akamtambulisha saini yake, akamsomea sehemu inayosema alimwona mshtakiwa "kwa mwanga wa taa za boti", akaomba maelezo yapokelewe. Yakapokelewa, yakasomwa. Akamuuliza baada ya kukatwa alikwenda wapi. Kwa mwenyekiti wa BMU, kikundi kinachosimamia mwalo, akajibu, usiku ule ule, damu inatiririka. Ulimwambia nini? Tumevamiwa. Ulimtajia jina? Shahidi akanyamaza, akautazama mkono wake. "Nilikuwa na maumivu." Jina alilitaja lini? Siku ya tatu, polisi.

Hilo peke yake lilikuwa pigo. Shauri la Marwa Wangiti Mwita lilishasema kwamba kumtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo ndiko kunampa shahidi uzito, na kuchelewa bila sababu kunatia shaka. Mimi, nikiwa binadamu siyo wakili, naona mtu mwenye mfupa unaochungulia ana haki ya kusahau majina. Lakini Wakili wa Serikali hakurudi kumuuliza kwa nini alichelewa, kwa hiyo sababu yake ikabaki ni yale maneno matatu.

Kisha Mzee, mtoto wa Ujiji, akaingia ziwani.

"Wewe ni mvuvi wa dagaa?"

"Ndiyo."

"Siku ile ya tukio, kwa mwezi wa Kiislamu ilikuwa tarehe ngapi?"

Nilidhani amechanganyikiwa. Wakili wa Serikali naye aliinua kichwa. Shahidi hakusita: "Tarehe kumi na mbili. Nakumbuka kwa sababu kesho yake nilikuwa nianze kufunga zile siku tatu za katikati ya mwezi."

"Mwezi ukiwa mkubwa hivyo, mnakwenda kuvua dagaa?"

"Hatuendi. Dagaa wanafuata taa kwenye giza. Kukiwa na mbalamwezi hawakusanyiki."

"Kwa hiyo usiku ule boti zilikuwa zimelala."

"Zimelala."

"Na taa zake?"

"Zimezimwa."

Mimi mtu wa nchi kavu, niliyekulia kwenye asali na tumbaku, nilitaka kupiga makofi. Kwa maswali matano amezima taa zote ambazo shahidi aliziwasha polisi na akaziwasha tena asubuhi ile mbele ya hakimu. Alipaswa kukaa. Kiti kilikuwa nyuma yake, mkono mmoja umeshakishika. Badala yake akasema, kwa sauti ya mtu aliyeshiba: "Basi lilikuwa giza totoro."

"Giza la wapi, Mheshimiwa? Mwezi ulikuwa unawaka kama mchana."

Mahakama nzima ikacheka, mpaka askari. Hakimu akaandika. Niliiona kalamu ikitembea na nikajua, kwa mara ya kwanza siku ile, inaandika nini. Katika maswali ya mwisho Wakili wa Serikali akaudaka mwezi kama mtu aliyeokota noti njiani: uliwaka? Uliwaka. Ulimwona vizuri? Vizuri. Akakaa, amefurahi.

Jioni tukitembea Mzee hakusema kitu mpaka tulipofika kwenye kona ya ofisi. "Lile la mwisho halikuwa swali," akasema. "Lilikuwa mbwembwe." Hakulitaja tena.

Yaliyofuata nayapitia haraka, kwa sababu hayakubadilisha kitu. Mwenyekiti wa BMU alithibitisha kwamba hakutajiwa jina. Mpelelezi alikuja mara ya tatu alipoitwa. Mshtakiwa wa pili, ambaye hakuna aliyesema alimwona, aliachiwa kwa kutokuwa na kesi ya kujibu. Wa kwanza alijitetea kwamba usiku ule alikuwa ukweni, kijiji kingine, na kwa kuwa taarifa ya utetezi huo haikutolewa mapema, haukupewa uzito wowote.

Hukumu ilisomwa miezi saba baada ya siku yangu ya kwanza. Niliomba ruhusa kurudi Kigoma kuisikiliza. Hakimu alimwachia huru mshtakiwa. Alianza na Waziri Amani, akayapima mambo moja moja. Mwanga: maelezo ya polisi na ushahidi wa asubuhi vinasema taa, dodoso linasema taa zilizimwa, mwezi umejitokeza mwishoni kama jibu la swali la utetezi, chanzo kimoja hakieleweki na ukali wake haukuelezwa. Muda wa kumwangalia: haukuulizwa. Kutaja jina: siku ya tatu, bila maelezo. Umbali: "shahidi alisema *kutoka hapa hadi pale*, maneno ambayo hayaisaidii Mahakama." Jamhuri imeshindwa kuthibitisha kesi pasipo kuacha shaka.

Kisheria sina ugomvi na hukumu hiyo. Ningekuwa hakimu ningeandika vivyo hivyo. Lakini nimekaa na kesi ile muda mrefu na kila nikiigeuza naona ilivyoweza kujengwa. Mwezi wa siku ya kumi na mbili huchomoza kabla jua halijatua, na ikifika saa nane usiku huwa umeinamia magharibi. Magharibi ya Kigoma ni ziwa, na ng'ambo yake milima ya Kongo. Kibanda kilikuwa kimekaa maji upande mmoja na njia upande wa pili. Mtu anayetoka njiani akija kibandani anatazama ziwa, na anayetazama ziwa saa ile anatazama mwezi, usoni kabisa. Ulizia tu shahidi alilala ameelekea wapi, na mvamizi alitokea upande gani. Ulizia kiangazi kile anga lilikuwa na wingu au halina. Ulizia walivutana mashine kwa muda gani. Ungekuwa na mwanga wenye mwelekeo, kutoka kwa mtu anayehesabu siku za mwezi kwa ibada na kwa riziki. Shahidi yule alikuwa anaujua mwezi kuliko sisi sote tuliovaa suti mle ndani. Alisema "taa" kwa sababu polisi walimuuliza *kulikuwa na taa?* Nadhani hivyo. Kwa watu wengi swali la mwanga ni swali la taa. Mwezi hauhesabiwi, upo tu.

Na pengine hata kwa maswali hayo yote jibu lingekuwa kwamba alimfananisha. Watu huwafananisha hata ndugu zao. Ndiyo faida ya kuuliza.

Jamhuri ilikuwa na siku 30 za kutoa notisi ya rufaa. Zikapita.

Siku ya hukumu, vigelegele vilikuwa nje upande wa ndugu wa mshtakiwa. Baba yule mvuvi alibaki koridoni, peke yake, amesimama karibu na ubao wa matangazo. Nilitaka kupita nimeinamisha kichwa, akaniita.

"Dada wakili. Wewe si ulikuwepo siku ile?"

"Nilikuwepo, baba."

"Hakimu anasema sikusema umbali. Nilionyesha! Wote mligeuka mkautazama ule mlango. Wewe ulitazama, nilikuona."

"Nilitazama, baba."

Akanyoosha tena mkono wenye kovu, kutoka alipokuwa amesimama hadi kwenye nguzo ya mwisho ya koridoni, hivi, kutoka hapa hadi pale. Na mdomo wangu ukauliza wenyewe, kabla sijauzuia: "Hiyo ni kama mita ngapi?"

"Saba," akasema papo hapo. "Saba, nane. Mimi napima nyavu maisha yangu yote. Mbona hakuna aliyeniuliza?"